Uzi wa wanaojisomea CPA bila rivyu: kalamu kwanza, kitabu baadaye

#1 | Mleta uzi, Sumbawanga

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa mwenzangu anayejisomea CPA, mitihani ya kitaaluma ya uhasibu, aliye Mpanda, Kibondo, Tunduru, Loliondo, popote ambapo darasa la rivyu, yaani la kujiandaa na mtihani, halifiki na likizo ya miezi miwili kwenda Dar hupewi. Mimi ni mhasibu wa halmashauri. Ngazi ya kati niliimaliza, nikaja kukwama ngazi ya mwisho. Mara ya kwanza nilikalia pepa zote nne, nikaambulia moja. Mara ya pili nilizikalia zile tatu zilizobaki, zikatoka zote. Kati ya mara hizo mbili sikuhama kituo, sikuongezewa akili wala sikununua kitabu cha bei. Nilichobadilisha ni namna ya kusoma.

Mara ya kwanza nilipiga msuli miezi mitano. Nina madaftari matatu ya muhtasari yaliyopakwa rangi ya njano na kijani, mazuri kuyatazama. Kila mada niliipitia mara mbili. Katika miezi yote hiyo sikuwahi kukaa na saa mezani nikaandika jibu moja la mtihani kuanzia mwanzo hadi mwisho. Niliyasoma majibu yaliyotolewa na Bodi ya wahasibu (NBAA) kwenye mitihani iliyopita, nikatikisa kichwa kwamba naelewa, nikafungua ukurasa mwingine.

Siku ya pepa ya taarifa za fedha nikakutana na swali la hesabu za kampuni mama na tanzu zake, yaani kampuni inazozitawala, la alama 40. Pepa ni ya saa tatu, yaani dakika 180 kwa alama 100, kwa hiyo kila alama moja ina dakika 1.8. Swali la alama 40 ni dakika 72, la alama 20 ni dakika 36. Hesabu hiyo naijua leo. Siku ile nilikaa kwenye swali moja saa moja na dakika hamsini kwa sababu mizania ilikataa kulingana, na moyo wangu wa kihasibu haukukubali kuiacha hivyo. Maswali matatu yaliyobaki niliyafanya kwa dakika 70. La mwisho niliandika kichwa cha habari na mistari minne.

Matokeo yalipotoka nilikaa wiki mbili bila kugusa kitu. Halafu Jumapili moja nikaichukua pepa ileile, nikaweka saa ya jikoni mezani, nikaifanya upya. Nilijua maswali, nilikuwa nimeshaona majibu, na bado muda haukunitosha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maarifa hayakuwa tatizo. Mkono wangu haukuwa umezoea kuandika.

Kwa hiyo mara ya pili niligeuza mpangilio. Nilianza na pasti pepa, yaani mitihani iliyopita. Nachukua swali la mada ambayo sijaisoma kabisa, najaribu, nashindwa, naandika pembeni ni wapi hasa nimekwama, ndipo nafungua kitabu kutafuta kitu hichohicho. Mtu anayefungua kitabu akitafuta jibu la swali lililomshinda usiku uliopita husoma kwa jicho lingine kabisa. Baada ya hapo nafunika kila kitu, naandika jibu lote kwa saa, kisha nalisahihisha kwa kalamu nyekundu kama mtu nisiyemjua. Mahali pasipo na hatua ya hesabu hakuna alama, hata kama kichwani nilikuwa naijua.

Makosa yote yanaingia kwenye daftari moja dogo. Siandiki mada, naandika kosa lenyewe: "nimesahau kuondoa faida iliyomo kwenye bidhaa ambazo tanzu bado haijaziuza," au "nimetumia riba ya mwaka mzima kwa mkopo uliochukuliwa mwezi wa tisa." Wiki ya mwisho kabla ya mtihani sikusoma kitu kingine zaidi ya daftari hilo. Lilikuwa na kurasa 31.

Jambo jingine ambalo watu hawalisemi. Mitihani ya Bodi ni ya Kiingereza, na wengi wetu tunakariri sentensi za viwango vya kimataifa vya uhasibu (IFRS na IAS) bila kujua zinasema nini. Niliapa kwamba kiwango chochote nitakachoshindwa kumweleza mke wangu kwa Kiswahili bado sijakielewa. Yeye anauza vitenge. Nilipomweleza IFRS 15 kwamba mapato huandikwa pale mteja anapopata mamlaka juu ya bidhaa, aliniuliza, "Na yule aliyelipa nusu, kitenge kikabaki dukani kwangu?" Swali lake hilo ndilo lilinifundisha malipo ya awali kuliko kurasa kumi nilizokuwa nimepaka rangi.

Kuhusu vitabu: tazameni mwaka. Nilinunua kitabu cha mtumba kilichokuwa bado kinafundisha IAS 17, kiwango cha zamani cha mapango, ambamo pango la kawaida halionekani kwenye mizania. IFRS 16 ilichukua nafasi yake tangu 1 Januari 2019, na karibu kila pango la zaidi ya mwaka mmoja sasa linaingia. Wiki nzima niliifundisha akili yangu kitu kilichokufa. Na jiandaeni, IFRS 18 inaanza 1 Januari 2027 na inaiondoa IAS 1, kwa hiyo taarifa ya faida na hasara itapangwa kwa sura mpya.

Nawaachia swali la kuanzia, la alama 10, dakika 18. Kampuni imepanga ghala kwa miaka 3, inalipa shilingi 10,000,000 kila mwisho wa mwaka, riba ni 10%. Onyesha yanayoingia kwenye taarifa za mwaka wa kwanza. Msitafute jibu. Andikeni kwanza.

#2 | Kigoma

Mkuu asante sana kwa uzi. Mimi ni mama wa mtoto wa miezi kumi, nafanya kazi kwenye kampuni binafsi, natoka saa kumi na moja jioni. Pepa za ngazi ya kati zimebaki tatu. Hizo dakika 180 za kukaa bila kuguswa mimi sizipati hata Jumapili. Nifanyeje? Au nisubiri mtoto akue?

#3 | Mleta uzi

Dada, usisubiri. Saa tatu za mfululizo unazihitaji mara chache tu, tuseme mara mbili kwa kila pepa, wiki za mwishoni. Hizo ziombe kwa mtu: mama, wifi, jirani, akushikie mtoto asubuhi moja. Siku nyingine zote fanya kazi na swali moja. Swali la alama 20 ni dakika 36. Mtoto akilala mchana wa Jumamosi, hilo moja linaingia.

Mimi muda wangu ulikuwa saa kumi alfajiri hadi saa kumi na mbili kasoro robo. Usiku nilijaribu nikashindwa, kwa sababu mwezi wa sita tunafunga mwaka na hesabu zinatakiwa zimfikie CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo hadi Septemba narudi nyumbani kichwa kikiwa kimejaa. Kila mtu aitafute saa ambayo kazi haijaila. Na usichukue pepa tatu kwa mkupuo kama muda wako ni wa pepa mbili. Mitihani ipo Mei na Novemba, ikikupita moja inakuja nyingine.

#4 | Nakuru

Salamu kutoka huku. Mimi nafanya CPA ya Kasneb, bodi ya mitihani ya Kenya, na nimejisomea tangu mwanzo, sikuwa na karo ya chuo. Tofauti yetu na nyinyi ni kwamba sisi tuna vipindi vitatu kwa mwaka, Aprili, Agosti na Desemba, na silabasi yetu mpya ilianza 2021. Alama ya kupita ni 50. Watu wengi huku hufikiri vipindi vitatu ni raha. Si raha. Mtu anafanya pepa, hata pumzi hajapata, anajiandikisha tena na hajajua alikosea wapi.

Nataka kuongeza moja. Tulikuwa watu watano, hatujawahi kuonana uso kwa uso, mmoja yuko Garissa, mwingine Voi. Kila Jumamosi jioni tunakubaliana swali moja, tunalifanya wakati mmoja, kisha kila mtu anapiga picha karatasi yake na kuituma kwenye kikundi. Unasahihishiwa na mwenzako, wewe unamsahihisha mwingine. Wiki ya kwanza niliona haya, mwandiko wangu ni mbaya. Lakini kusahihisha karatasi ya mtu mwingine kulinifanya nione kile mtahini anachokiona: mtu amepata jibu sahihi lakini hakuna anayejua limetoka wapi. Kikundi chetu kilikuwa na sheria moja tu, asiyetuma karatasi hapewi majibu. Vile vikundi vya watu mia mbili vya kutumiana vitabu vya PDF nilitoka vyote.

#5 | Dar es Salaam

Mleta uzi hongera, ila tusiwapotoshe watu. Mimi bila rivyu nisingetoboa. Mwalimu wangu wa hesabu za makampuni alinifanya nielewe kwa siku mbili kitu ambacho nilikuwa nimekihangaikia mwaka mzima. Kuna mtu atasoma uzi huu, ataacha darasa analoweza kulilipia, kisha aanguke.

#6 | Mleta uzi

Mkuu umesema kweli na nashukuru umelisema. Sina ugomvi na rivyu. Aliye karibu na darasa na ana uwezo, aende. Hata mimi kuna mahali nilikwama kabisa, kampuni mama inapoongeza hisa kwenye tanzu katikati ya mwaka. Wiki tatu. Mwishowe nilimpata mwalimu mmoja, nikamlipa kwa mada hiyo tu, jioni mbili kwa simu ya video, nikiwa na maswali yangu manne yameandikwa tayari kwa hatua zote hadi pale nilipokwama. Alinirekebisha kwa dakika arobaini.

Ninachokikataa ni kukaa darasani wiki nane ukinakili ubaoni, ukirudi nyumbani huandiki chochote. Huyo naye anafanya kosa langu lilelile la madaftari ya rangi, tofauti ni kwamba yeye amelilipia.

#7 | Mwanza

Nipo kwenye ushauri wa kodi mwaka wa sita. Niongeze upande wa kodi maana hapa ndipo wanaojisomea huumia zaidi. Pasti pepa ya kodi ina sheria za mwaka wake. Kila mwaka Bunge linapitisha Sheria ya Fedha, nayo huanza kutumika 1 Julai. Ukichukua pepa ya miaka minne iliyopita na majibu yake, hatua ni zilezile lakini viwango vingine vimeshabadilika. Fanyeni swali, halafu kabla ya kusahihisha kaeni na sheria iliyofanyiwa marekebisho mjiulize kila kiwango kama bado kipo. Na someni tangazo la Bodi linalosema mtihani wenu unatumia sheria hadi tarehe ipi.

Pili, msisome kodi na taarifa za fedha kama vitu viwili visivyojuana. Chukua kompyuta za shilingi 8,000,000. Kwenye vitabu vya kampuni zinatumika miaka 4 kwa mafungu sawa, uchakavu ni 2,000,000 kwa mwaka. Kwenye kodi zipo daraja la kwanza, asilimia 37.5 ya salio, kwa hiyo mwaka wa kwanza unapata 3,000,000 na wa pili 1,875,000. Mwisho wa mwaka wa kwanza vitabu vinasema zimebaki 6,000,000, kodi inasema 5,000,000. Tofauti ni 1,000,000, zidisha kwa 30%, deni la kodi iliyoahirishwa, yaani kodi itakayolipwa baadaye, ni 300,000. Mwanafunzi akilifanya hili mwenyewe kwa mkono hadi mwaka wa nne, akaona tofauti inavyozaliwa mwaka wa kwanza kisha inavyopungua hadi kugeuka upande wa pili, IAS 12, kiwango cha kodi, haitamtisha tena.

#8 | Arusha

Na ukaguzi je? Huko hakuna hesabu za kupigia mazoezi. Nimeanguka mara mbili, zote kwa alama chache.

#9 | Mleta uzi

Ukaguzi ndiyo pepa ambayo kuandika kunasaidia kuliko zote, mkuu. Naomba nikuulize: majibu yako yanaweza kuhamishwa kutoka swali moja kwenda jingine bila mtu kugundua? Yangu ya mara ya kwanza yalikuwa hivyo. Swali linahusu kiwanda ambacho huenda kisiweze kuendelea na biashara, mimi naandika "mkaguzi atawahoji viongozi, atapitia mikataba, atapitia matukio ya baada ya mwaka." Si uongo. Ila halimhusu mtu yeyote.

Baadaye nikajilazimisha kila sentensi ishike kitu kilichotajwa kwenye swali. Mkopo wa milioni 900 unaiva Machi na hakuna barua ya kuongezewa muda: mkaguzi aombe uthibitisho wa benki wenyewe, asiridhike na maneno ya mkurugenzi. Mteja anayenunua nusu ya bidhaa ameondoka: mkaguzi achukue makadirio ya mtiririko wa fedha, aondoe mapato ya mteja huyo, aone kama mishahara bado inalipika. Halafu malizia na hati, yaani maoni ya mkaguzi. Kama mashaka yapo lakini kampuni imeyaeleza vizuri kwenye maelezo ya hesabu, hati inabaki inayoridhisha, na ripoti inakuwa na sehemu yake maalumu inayoyataja. Kama imeyaficha, ndipo tunakwenda kwenye hati yenye shaka au isiyoridhisha, kutegemea uzito. Sisi wa halmashauri maneno hayo tunayasikia kila mwaka ripoti ya CAG ikitoka, nawe yatumie kama kitu unachokijua.

Ziko ripoti za watahini pia. Zisome. Wanayolalamikia hujirudia mwaka hadi mwaka: watu hawasomi kinachoulizwa, hawaonyeshi hatua, wanaacha maswali.

#10 | Arusha

Umenigusa palepale. Majibu yangu yanahamishika. Naanza upya leo usiku.

#11 | Kigoma

Mkuu, nimerudi. Siku nne zimepita. Nimefanya swali lako la ghala, bila kutafuta jibu, mtoto akiwa amelala. Naandika nilivyoandika kwenye karatasi, nisahihishie.

Sikuwa na jedwali la thamani ya leo ya malipo, nikagawanya kwa 1.1 kila mwaka. 9,090,909, kisha 8,264,463, kisha 7,513,148. Jumla 24,868,520. Hilo nimeliweka kama haki ya kutumia ghala na pia kama deni la pango. Riba mwaka wa kwanza 2,486,852. Deni mwisho wa mwaka ni 24,868,520 jumlisha 2,486,852 toa 10,000,000, linabaki 17,355,372. Uchakavu nimegawa kwa miaka 3, ni 8,289,507. Kwenye faida na hasara nimeweka riba na uchakavu. Kwenye mizania nimeweka haki ya kutumia 16,579,013 na deni la muda mrefu 17,355,372.

#12 | Mleta uzi

Dada, nimechukua kalamu nyekundu kweli. Makadirio ya mwanzo sahihi, na umeonyesha hatua zote tatu, alama zote. Riba sahihi, uchakavu sahihi, salio la deni sahihi. Umeona pia kwamba gharama ya mwaka wa kwanza ni 10,776,359, zaidi ya ile milioni 10 uliyolipa? Mtahini akiuliza kwa nini, ni kwa sababu riba ni kubwa mwanzoni wakati deni bado kubwa, na inapungua kila mwaka.

Kosa ni moja, kwenye mizania. Deni lote umeliita la muda mrefu. Angalia salio la mwisho wa mwaka wa pili: 17,355,372 jumlisha riba 1,735,537 toa 10,000,000, ni 9,090,909. Hilo ndilo la muda mrefu. Tofauti yake, 8,264,463, itapungua ndani ya miezi 12 ijayo, kwa hiyo inakaa kwenye madeni ya muda mfupi. Nimekupa 8 kati ya 10. Hilo liingize kwenye daftari dogo, kwa maneno yako mwenyewe.

Muda ulitumia kiasi gani?

#13 | Kigoma

Dakika 31. Mtoto aliamka mara moja katikati, lakini nikiondoa hizo bado ni kama 25. Nimeshaandika kosa kwenye daftari. Jumamosi nalifanya tena, nimebadilisha riba iwe 12% na malipo yawe mwanzo wa mwaka. Mdogo wangu amekubali kumshika mtoto.

#14 | Nakuru

Dada wa Kigoma, mmoja wetu alimaliza pepa zake zote mwezi uliopita, kuna nafasi moja kwenye kikundi chetu. IFRS ni ileile huku na huko. Jumamosi saa moja jioni, tuma karatasi.